Sikio Moja la Goro

Yule mzee wa Kijapani alibakiwa na sikio moja tu, la kulia, na siku ile sikio hilo alilitia mikononi mwa Yaqdhan. Hiyo ndiyo habari yenyewe, na msomaji asije akanung'unika kuwa hakuambiwa mapema. Yaliyobaki ni namna mambo yalivyojikokota mpaka yakafika hapo, nayo yalijikokota miaka, maana zipo balaa zisizokuwa na haraka. Zinakaa mlangoni zimekunja miguu, zinamngoja mtu amalize chai yake.

Yaqdhan ni fundi wa sauti. Harusi, semina, sherehe za skuli, uzinduzi wa maduka, popote Maskati penye maiki na watu wa kuisikiliza, kama hukumwona mwenyewe basi umeziona spika zake, nyeusi, kubwa, zimechubuka pembe. Kazaliwa Unguja, kaletwa huku angali anabebwa, na mpaka leo akiudhika hugomba kwa Kiarabu lakini akiumia hulalamika kwa Kiswahili. Ghala lake lipo Mawaleh, nyuma ya lile soko la matunda la zamani, na humo ndani mna joto ambalo hata paka hawalitaki. Ni mtu mfupi, mkaidi, mwenye mikono mizuri ya kazi, na kama wakaidi wote anajiona yeye ndiye mwenye subira kuliko watu wote.

Maradhi ya muziki aliambukizwa na mjomba wake, Marhoon. Huyu alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa Japani kusomea mitambo ya kusafishia mafuta, Yaqdhan bado yuko skuli. Wenzake Marhoon walirudi na saa na redio. Yeye alirudi na kaseti moja, juu yake pana picha ya vijana wanne wenye nywele za kufika mabegani, wamesimama mbele ya meli iliyoliwa na kutu, hakuna hata mmoja anayecheka. Bendi ya Tetsunami.

"Maana yake wimbi la chuma," Marhoon alimfasiria mpwa wake. "Nimewaona kwa macho yangu haya, Yokohama. Nimetoka mle ukumbini sisikii hata honi ya gari, na nna furaha kama mwendawazimu."

Hadithi yao aliisimulia mara nyingi hata Yaqdhan akawa anamsahihisha. Walikuwa watoto wa mji wa bandari, baba zao wagonga mabati ya meli. Wakati huo vijana wa Kijapani waliopiga magitaa ya umeme waliimba Kiingereza cha kubabaisha, na wajuzi wakashikilia kwamba Kijapani hakiwezani na muziki mzito namna ile, ati lugha yenyewe laini, itapondeka. Tetsunami wakasema haya, tutaona. Wakaimba Kijapani chao cha bandarini, wakaimba kutu na nyundo na baba wanaorudi nyumbani jioni wasiwasikie watoto wao wakiwaamkia. Santuri ya kwanza ilichekwa. Ya pili waliirekodi ndani ya tumbo la meli tupu iliyokuwa ikingoja kukatwakatwa, na ilipotoka hakuna aliyecheka tena. Wao ndio walioufungua mlango ule. Bendi zote nzito zilizokuja nyuma yao kule Japani zilipita humo humo.

Mama yake Yaqdhan aliisikia kaseti hiyo mara moja tu, akaiweka chini sinia ya mchele aliokuwa akiuchagua.

"Muziki huu una wenyewe," alisema. "Na ngoma ikivuma sana, haikawii kupasuka."

Wakamcheka, yeye na mashetani yake ya Unguja. Mwanamke wa watu akaokota sinia yake akaenda jikoni, na hakuusema tena muziki ule mpaka alipokufa.

Na kweli ikaanza kupasuka. Tokuda, mpiga ngoma, alianguka juu ya ngoma zake katikati ya wimbo. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho, wakapiga makofi, na inasemekana roho yake ilitoka na makofi bado yanaendelea. Mwimbaji akaja kutema damu, koo likafunga kabisa, akahamia shamba kwa dada yake akawa hata chai anaiomba kwa ishara. Mpiga besi vidole vilimtetemeka mpaka kijiko kikamshinda. Walikwenda Ulaya wakaambiwa waimbe Kiingereza ndipo watanunuliwa, wakakataa, wakarudi kwao. Wakavunjika, wakaungana, wakatafuta wenzao wapya, wakavunjika tena. Katika wale wanne wa kwenye picha akabaki jukwaani mmoja, Goro, mpiga gitaa, naye kila mwaka alisogea karibu zaidi na spika zake, kwa sababu kila mwaka alizisikia kwa mbali zaidi. Habari hizi zilimfikia Yaqdhan zimechelewa, kwanza kwa simu za marafiki wa mjomba, baadaye kwa mtandao, akazihifadhi kama mtu anavyohifadhi nasaba yake. Ila hakujiuliza hata siku moja mbona katika nasaba hiyo hakuna aliyetoka salama. Kipenda roho hula nyama mbichi, na Yaqdhan alikuwa kishakula.

Kaseti ile ndiyo iliyomfanya fundi. Alifungua redio ya baba yake ajue kelele zile zinatoka wapi, akapigwa, akaifungua tena. Na kadiri alivyozidi kuwa bingwa ndivyo alivyozidi kuvidharau vyombo. Meza ya kuchanganyia sauti ina vitaa, kijani sauti ikiwa sawa, nyekundu ikizidi. Yaqdhan kabla hajaanza kazi huvua kofia yake akavifunika vitaa hivyo.

"Taa haziimbi," husema. "Fundi anayetazama taa ni kama mpishi anayeonja mchuzi kwa macho."

Kuziba masikio kwa pamba ndiyo kabisa, kwake huo ni woga. Miaka yote hiyo alisimama mbele ya spika masikio wazi, na spika nazo zikamla taratibu, bila kumwuma.

Kwanza ziliondoka nyenje. Akadhani zimehama kwa joto. Kisha birika la chai likaacha kupiga mbinja, akalilaumu birika, akanunua jingine, nalo likawa bubu. Kisha wajukuu wakawa wanameza maneno. "Watu siku hizi hawafungui vinywa," alilalamika, na kumbe mwenyewe kishaanza kuwasoma midomo bila kujijua. Mtu akigeuza uso, basi hayupo tena.

Mwisho alikwenda kwa Daktari Kawthar, Khuwair ya Kusini, peke yake, kwa kujificha kama anayekwenda kwa mganga. Kawthar ni binti wa watu wanaojuana, akampima, akazunguka meza akaja kukaa mbele yake ili amwone mdomo.

"Ami, sauti nene bado unazisikia," alimwambia. "Zile nyembamba, kali, za juu, zimekwenda, na zikishakwenda hazirudi. Ubaya wake ni kuwa wewe mwenyewe hujui. Kisichosikika hakimpigii mtu hodi."

"Na kazi yangu?"

"Ukiwa na mtu pembeni wa kukusikilizia, fanya. Peke yako usithubutu. Utaona sauti imefifia, utaipandisha, itafifia tena, utaipandisha tena. Utawapasua watu masikio na huku unadhani unawapoza."

Yaqdhan akamshukuru, akamwombea dua, akarudi nyumbani akamwambia mkewe kuwa ni nta tu.

Mkewe, Shariffa, si mtu wa kuambiwa nta akakubali. Siku ya pili yake, Yaqdhan kakaa anakunywa chai, akasimama nyuma yake akasema kwa sauti ya kawaida, "Nyumba inaungua." Yaqdhan akachovya kitumbua katika chai. "Moto umeshafika kwenye pazia," akasema Shariffa. Yaqdhan akatafuna. Bi Shariffa, ambaye alidhani atacheka, alikwenda chumbani akafunga mlango akalia, kisha akanawa uso akatoka, na wala hakumwambia kitu. Alingoja wakati wake.

Wakati wake ulifika Tetsunami walipokuja Maskati. Mjomba Marhoon alikuwa keshatangulia mbele ya haki, lakini wale wenziwe waliosoma naye Japani wana jumuiya yao, wazee wa heshima, wahandisi wa mitambo na wakurugenzi wastaafu, kazi yao kukumbushana ujana. Waliposikia bendi iko katika safari ya kuaga, wakaandika, wakabembeleza, mpaka wakakubaliwa onyesho moja katika ukumbi wa sherehe njia ya Bustan. Na fundi? Wakacheka hata kuulizana. Fundi yupi mwingine Maskati aliyezijua nyimbo zote za Tetsunami kwa mpangilio wake.

"Mwachie Samir," Shariffa alisema usiku wa habari hiyo, amemkalia mbele, uso kwa uso, maneno yake yanaonekana vizuri. "Mimi najua, Yaqdhan. Nimejua zamani. Usinambie nta."

Yaqdhan akautazama mkeka.

"Tangu nna umri wa skuli nawangoja watu hawa," alisema. "Wanaondoka duniani mmoja mmoja. Huyu ndiye wa mwisho."

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Shariffa, na papo hapo akajuta, maana uso wa mumewe ulibadilika. Akaushika mkono wake. "Haya, nenda. Lakini mwambie yule mzee ukweli kabla hujagusa chombo chake. Akikukubali na ukweli wako, mimi sina neno."

"Ntamwambia."

"Niapie."

Yaqdhan akaapa. Na tumwamini, alikuwa na nia.

Samir ndiye mshirika wake wa kazi, mtu wa makamo, mwenye tumbo na adabu, wazee wake Waarabu wa Tabora. Hawa wawili hutaniana kutwa. Yaqdhan humwita mtu wa bara, mla ugali, na Samir humjibu kuwa watu wa visiwani wanasema kama wanatafuna halua. Siku ya kupakia vyombo Mawaleh hakukuwa na utani. Yaqdhan alikuwa uani anahesabu nyaya, na lori likawa linarudi nyuma, linalia ile tii tii tii yake ya kuonya, na dereva anajua kuwa mtu mwenye masikio yake atapisha. Yaqdhan hakupisha. Samir alimrukia akamvuta kwa dishdasha, ikachanika begani, na lori likaula ukuta pale pale alipokuwa amesimama.

"Ami, hukulisikia?"

"Nilikuwa nawaza."

Samir alimtazama. Akatazama na lile lori, ambalo bado lilikuwa linalia. Akafungua mdomo, kisha akaufunga, kwa sababu kalelewa kutomfedhehesha aliyemzidi umri, na huko kulelewa vizuri kuna siku kunamponza mtu kuliko utovu wa adabu. Wakapakia, wakaondoka.

Ukumbi ulikuwa mtupu na baridi kama chumba cha maiti, mashine za ubaridi zimefunguliwa tangu asubuhi. Bendi walishafika. Vijana wapya watatu walikuwa wakifunga ngoma na magitaa, na mzee amekaa peke yake ukingoni mwa jukwaa, mwembamba, nywele nyeupe kazifunga nyuma, kavaa viatu vya kitambaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa karibu na sikio la kulia muda wote, kaukinga kama mtu anayekinga mshumaa na upepo. Yaqdhan alimtambua kwa macho kabla hajamkaribia. Macho yale yale ya kwenye kaseti, yasiyocheka.

Mkalimani alikuwa Nouf, msichana wa Kimaskati aliyesomea huko huko Japani, bibi yake wa Unguja, kwa hiyo Yaqdhan na Samir walimsalimu kwa Kiswahili na yeye akamgeukia Goro kwa Kijapani. Goro alisimama akainama mbele ya Yaqdhan, kisha akasema maneno marefu kwa sauti ya chini.

"Anasema fundi wake wa siku zote kalazwa hospitali, hakuweza kusafiri," Nouf alifasiri. "Anasema sikio la kushoto limekufa zamani. Hili la kulia ndilo alilobaki nalo, nalo ni kidogo. Anavaa humo kifaa kidogo, sauti ya gitaa lake inamwendea taratibu, na imewekewa kinga isipite kiasi. Anasema mwenye kushika meza ndiye mwenye kushika sikio lake."

"Mwulize mbona haachi," alisema Yaqdhan.

Nouf akauliza. Goro akajibu, na mara hii Nouf hakufasiri haraka.

"Anasema anaacha. Hapa Maskati ndiyo mwisho, kesho anarudi kwao. Mkewe kapata kiharusi, ami. Mikono haifanyi kazi, kuandika hawezi, hata kuashiria hawezi. Kilichobaki ni sauti, tena nyembamba sana, wengine hawaisikii. Yeye anaisikia, hata kwenye simu, mkewe akishikiwa. Anasema sikio hili ni la mkewe, leo amekuja nalo kwa kuliazima tu."

Goro aliongeza neno moja, na Nouf akatabasamu.

"Anakuuliza, na masikio yako wewe, mazima?"

Hapo ndipo mahali pake. Kiapo cha Shariffa kilikuwa pale pale ulimini, na Samir amesimama nyuma na waya mkononi, na mlango wenyewe mzee kaufungua kwa mkono wake. Yaqdhan aliitazama meza yake ya sauti, aliyoifuta vumbi kwa kitambaa cha hariri. Aliona miaka yote tangu ile kaseti. Akajiambia, nikisema tu, atashika meza Samir ambaye hajui hata jina la wimbo mmoja. Akajiambia, nitachunga. Mtu anayejiambia nitachunga keshaamua.

"Alhamdulillah," alisema. "Mazima."

Nouf akafasiri. Goro akainama tena, chini zaidi kuliko mara ya kwanza, akakitia kile kifaa katika sikio lake.

Wakaanza kujaribu sauti. Yaqdhan alivua kofia yake akavifunika vitaa, akavaa visikilizio ili asikie kile kile kinachomwendea Goro. Goro akagusa nyuzi. Lakini gitaa lile Yaqdhan alilolijua kuliko sauti ya baba yake lilimjia limefunikwa blanketi. Limefifia. Halina makali, halina ile kutu. Akapandisha kidogo trebo, zile sauti nyembamba za juu. Bado. Akapandisha tena. Bado limejifunika.

Samir alipita nyuma yake, akachukua kisikilizio kimoja akakiweka sikioni, akakitoa kama kimemchoma.

"Ami, kali hiyo."

"Kali wapi. Imekufa hii."

"Wallahi kali, ami. Hebu ondoa kofia tuone taa."

"Samir. Umezaliwa lini wewe?" alisema Yaqdhan, na Samir akaenda jukwaani kufunga waya, lakini akawa kila mara anageuka kutazama.

Yaqdhan akatafuta kosa liko wapi, na akaliona, au alidhani kaliona. Ile kinga. Kinga ndiyo inayolibana gitaa, ndiyo inayomnyonga mzee wa watu katika onyesho lake la mwisho. Yule fundi wake aliyelazwa kaiweka kwa woga tu, mafundi wa taa hao. Daktari Kawthar alimpitia akilini, kakaa mbele yake, midomo yake inasema utaipandisha, itafifia, utaipandisha tena. Yaqdhan alimfukuza kwa adabu. Akaiondoa kinga.

Gitaa likapumua kidogo. Akafurahi. Akamwonyesha Goro kidole gumba, na Goro, ambaye bado alikuwa akipiga polepole kwa kujaribu, akaitikia kwa kichwa, ingawa uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyetafuna mchanga. Huenda aliona haya kulalamika mbele ya mwenyeji wake. Huenda naye alijiambia mambo yatatengenea. Akageuka akasogea kwenye spika yake, kama alivyozoea, akafika karibu kabisa, mahali ambapo gitaa husikia sauti yake lenyewe na kuirudisha, na ikazunguka, na kuzunguka, ikizidi.

Yaqdhan aliona kwanza vijana wa bendi. Mpiga ngoma alidondosha vijiti akaweka mikono masikioni. Kisha wa besi. Kisha Nouf, aliyeinama hadi magotini. Kisha wafanyakazi wa ukumbi waliokuwa wakipanga viti huko nyuma, mmoja baada ya mwingine, wote wameziba masikio kama waadhini, na kwa nukta moja Yaqdhan alidhani wanafanya mzaha. Ukumbi ulikuwa kimya kwake. Gitaa lilikuwa linaunguruma chini kwa chini, zuri, nene, na kwa kuwa lilizidi kufifia, mkono wake ulikuwa juu ya trebo, unapandisha.

Samir aliruka kutoka jukwaani akakimbia akang'oa waya wa umeme kwa mikono yake miwili.

Goro alikuwa amepiga magoti. Alikitoa kile kifaa sikioni taratibu, akakiangalia, akakiweka sakafuni kwa uangalifu mkubwa. Hakukuwa na damu wala kitu. Nouf alimkimbilia, akasema naye, akasema tena. Goro alimtazama mdomo. Yaqdhan aliujua utazamaji ule, maana ni wake yeye mwenyewe, wa kila siku, kwa mkewe, kwa wajukuu, kwa muuza mkate. Goro akajibu kwa sauti kubwa isiyokuwa na mpaka, ambayo ilimfikia hata Yaqdhan kule mezani.

"Ami," alisema Samir, anatweta, waya bado uko mkononi. "Ami Yaqdhan. Hukusikia?"

"Sikusikia," alisema Yaqdhan.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo tangu lianze kuwa kweli. Samir akatazama chini. Yaqdhan akapanda jukwaani, akasimama mbele ya mzee, na kwa kuwa hakuwa na Kijapani na mzee hakuwa na sikio, akanyoosha kidole kwenye sikio lake mwenyewe, la kulia, kisha la kushoto, na akatikisa kichwa. Goro aliyatazama masikio yale muda. Yaqdhan alingoja atukanwe, alingoja apigwe, na laiti angepigwa. Goro alimwinamia, kama anavyoinamiwa mfiwa, na Yaqdhan akafunika uso wake kwa mikono akalia kama mtoto.

Walikuwa bado hivyo simu ya Goro ilipotetemeka mfukoni. Aliitoa, akaona jina la mkewe, na mkono ukaipeleka wenyewe kwenye sikio la kulia. Akangoja. Kila mtu ukumbini akangoja. Akaihamishia kushoto, kwenye sikio lililokufa zamani, akangoja huko pia, kisha akairudisha kulia akaibana mpaka kucha zikawa nyeupe. Mwisho akampa Nouf.

Nouf aliiweka sikioni. Akafunga macho ili asikie vizuri, machozi yakapita. Akageuka upande akasema kitu, na Yaqdhan, asiyeuona mdomo wake, hakupata hata neno.

"Nigeukie, mwanangu," alimwomba. "Anasema nini?"

Nouf aligeuka, akawatazama wazee wale wawili wanaoutazama mdomo wake. Alisema polepole, kwanza kwa Kijapani, kisha kwa Kiswahili.

"Anasema, 'Goro, upo?' Anarudia hilo hilo tu. 'Goro, upo?'"